Hadithi Iliyoingia kwa Mlango wa Uani

Waliofanya naye kazi walimwita Kibano, na mpaka leo ukiuliza jina lake halisi mtaani kwao, watu hutazamana kwanza. Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha kupiga chapa vitabu, kwa ajili ya kibano cha shaba alichokuwa akikitia mfuko wa shati, cha kuchomolea herufi iliyokaa vibaya. Miaka thelathini na minane alikuwa fundi wa kupanga herufi za risasi. Kila neno lililosomwa kwenye kitabu kilichotoka pale, yeye au mwenzake alikuwa amelipanga kwa vidole, herufi baada ya herufi, tena kinyume, kama mtu anayesoma kwenye kioo.

Vijana wakisimuliwa hayo hucheka, wakidhani mzee anatia chumvi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mbele ya kila fundi palikuwa na sanduku pana la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, na kila herufi ilikuwa na chumba chake. Chumba cha a kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na bado hakikutosha, maana Kiswahili hakishibi a. Vyumba vya q na x havikuwa na kazi, basi mafundi waliweka humo vifungo vya shati, karanga, na sigara walizotaka zisionwe na Bosi. Nyuma yao mtambo ulipiga, du-du, du-du, tangu asubuhi, na harufu ya wino na mafuta ya taa ilimfuata mtu mpaka nyumbani. Mke wa Kibano, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na taa ya chemli.

Kazi alizopanga zilikuwa kadi za arusi, risiti, vitabu vya hesabu vya shule, matangazo ya sabuni. Angestaafu bila la kusimulia, kama si yule Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifika siku moja na kapu la madaftari ya shule, akaliweka mezani kwa Bosi. Alikuwa amefasiri kutoka Kiarabu mkusanyiko mkubwa wa hadithi za kale: wasafiri wamenaswa na theluji katika nyumba ya wageni mlimani, na kila mmoja, ili apate nafasi karibu na moto, analazimika kusimulia. Kitabu chenyewe alikiazima kwa rafiki yake wa ng'ambo na alikwisha kukirudisha. Madaftari yalikuwa kumi na tisa. Bosi aliyapima kwa macho, akakuna kichwa, akamkabidhi Kibano.

"Huyu ndiye mwenye mkono mtulivu," alisema.

Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa akija kila Jumanne kusoma prufu, yaani zile karatasi za kwanza za kukagulia makosa. Alivuta kigoda, akaketi kando ya sanduku la herufi, na akichoka kusoma alizungumza. Kibano alikuwa ameishia darasa la saba. Mengi aliyoyajua baadaye aliyajulia kwenye kigoda kile.

"Fundi," alimwambia mara moja, "hadithi hizi usizione zimetulia kwenye karatasi. Zimetembea kuliko mimi na wewe. Nyingine mbegu yake ilitoka Uhindini. Waajemi wakaipokea, wakaijengea nyumba yenye chumba ndani ya chumba. Umeona hapa? Msafiri anasimulia habari za mfinyanzi, mfinyanzi naye anasimulia habari za kadhi, kadhi naye ana lake. Ufundi huo Waajemi waliupenda mno. Kisha Waarabu wakaingia nyumba hiyo, wakatandika mazulia yao, wakaleta na wageni wao. Ndiyo maana unamkuta mfalme anakaa mji wa Waarabu, na jina lake la Kiajemi."

"Na sisi, Mwalimu?"

"Sisi tumefika mwisho, tumekuta meza imeandaliwa." Akacheka. "Hilo neno ulilolishika mkononi, unadhani lilizaliwa hapa?"

Kibano akatazama. Alikuwa amepanga d, i, r, i, s, h.

"Dirisha lina asili ya Kiajemi. Bustani vilevile. Na barafu, na rangi, na darubini."

"Kumbe nazungumza Kiajemi na sikusoma!"

"Unazungumza, tena bila ada."

Siku zile zilikuwa nzuri, ingawa Kibano hakujua kwamba ni nzuri mpaka zilipopita. Alikuwa akirudi nyumbani akitembea polepole, midomo inacheza, akirudia habari za kadhi na mfinyanzi. Kitu kingine kilimsumbua, kitu asichoweza kumwambia Mwalimu: hadithi zile zilimkumbusha mama yake.

Mama yake alikuwa dobi. Alifua nguo za watu na kuzipiga pasi ya mkaa uani, saa za alasiri, na ili watoto wake wawili wasiisogelee ile pasi aliwasimulia. Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya Mfalme Padisha aliyekuwa kipofu, na mtunza bustani aliyetumwa kumletea ndege wa kumponya. Ndege yuko katikati ya bustani. Kila mlango una mlinzi, na mlinzi hafungui mpaka asimuliwe hadithi. Mtunza bustani anasimulia mlango hadi mlango, anafika kwa ndege, na ndege naye anataka hadithi. Maskini hana tena. Basi anamsimulia namna alivyopita milango, pamoja na hadithi zote alizowasimulia walinzi, na ndege anafurahi, anatua begani mwake. Mama alikuwa anaimaliza sawasawa na shati la mwisho. Kibano alikua akiamini kwamba aliitunga mwenyewe.

Sasa sikia lililompata.

Walikuwa wamekaribia kumaliza kazi. Kibano alipanga madaftari ya mbele, fundi mwenzake akaanzia ya nyuma ili kuharakisha, na kurasa za nyuma zilikwisha kupigwa chapa na namba zake. Katikati lilibaki daftari la kumi na moja peke yake, hadithi moja ya kutosha kurasa kumi na sita, ambazo ndizo zilizokuwa zikiingia kwenye karatasi moja kubwa ya mtambo. Jumamosi Kibano alipofunga kazi aliliacha daftari hilo juu ya kizingiti cha dirisha. Jumapili mvua ilinyesha. Jumatatu alilikuta limevimba kama mkate, na wino wa Mwalimu umekuwa maji ya buluu. Alilifungua jani kwa jani, akaanika, akapepea. Halikusomeka hata neno.

Angemwambia Mwalimu, naye angeifasiri upya? Kitabu cha asili hakipo. Tena Mwalimu hakuwa akija tena. Alikuwa amelazwa, kisha akarudishwa nyumbani kwa mpwa wake, na kila aliyekwenda kumtazama alirudi akisema kwa sauti ya chini kwamba anachongoja ni kitabu tu.

Kibano alikaa siku mbili akipanga kadi za arusi za watu na kukosea majina. Siku ya tatu alivuta sanduku, akasimama wima, akaanza: "Hapo kale palikuwa na Mfalme Padisha." Hakuandika popote kwanza. Aliitoa kichwani moja kwa moja mpaka kwenye risasi, na mara mbili ilibidi asimame afute macho, maana alisikia kabisa pasi ikigonga meza. Idadi ya milango hakuikumbuka vizuri, akaweka saba. Hadithi za walinzi alikumbuka nne tu. Kwa hiyo alipofika mwisho wa mlango wa nne akapanga haraka haraka: "Na milango mitatu iliyobaki akaipita vivyo hivyo." Akamtia msimulizi awe mmoja wa wale wasafiri wa theluji. Kurasa zikatimia kumi na sita. Bosi hakuuliza neno. Bosi alisoma risiti tu.

Prufu alizipeleka mwenyewe. Mwalimu alikuwa kitandani karibu na ukuta, amepungua, miwani imekuwa mikubwa kuliko uso. Akamwambia arudi baada ya siku mbili. Aliporudi, zile karatasi zilikuwa juu ya blanketi, zimepangwa vizuri.

"Makosa ni machache," Mwalimu alisema. "Mkono wako haujachoka."

Kibano alizipekua moja moja. Katika zile kurasa kumi na sita palikuwa na sahihisho moja. Neno saba limekatwa, pembeni imeandikwa minne, na ile sentensi ya milango mitatu iliyobaki imepigwa mstari wa kuifuta.

"Bustani za Waajemi hukatwa mafungu manne, fundi," Mwalimu alisema akiwa amefumba macho. "Saba ni tamaa."

"Mwalimu, hiyo hadithi, nilitaka nikuambie..."

"Nimeisoma. Imekaa mahali pake. Nipe maji."

Akampa maji. Hawakulizungumza tena. Kitabu kilitoka mwezi uliofuata, chenye jalada jekundu, na Mwalimu alikishika siku kumi na moja kabla ya kufariki. Kibano alibeba jeneza lake pamoja na wengine. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akijiuliza: alijua, au ugonjwa ulikuwa umemchanganya? Alimficha mkewe, akamficha dada yake, akaendelea kuficha mpaka nafsi yake ikazoea.

Miaka ikaenda. Kompyuta zikaja, sanduku la herufi likauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo, Bosi akafa, na kiwanda kikawa duka la matairi. Kibano alipita pale wakati mwingine, akasimama ng'ambo ya barabara, akatazama dirisha lilipokuwa. Harufu ya wino haikuwapo. Palinuka mpira.

Miaka thelathini na mmoja baada ya lile jalada jekundu, alasiri moja, mwanamke kijana alibisha hodi. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, na mkononi alikuwa na kitabu chenyewe, kimechakaa, vikaratasi vya rangi vimechomoza kila upande kama manyoya ya kuku.

"Shikamoo, babu. Nimeelekezwa kwamba wewe ndiye uliyepanga kitabu hiki."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Ni mimi."

Mtafiti alikaa ukingoni mwa kiti, akakifungua kitabu penye vikaratasi vingi zaidi. Kibano akaona Mfalme Padisha kichwani mwa ukurasa, akageukia birika la chai.

"Nashughulikia athari za fasihi ya Kiajemi katika makusanyo haya makubwa ya hadithi," Mtafiti alisema. "Zilizobaki zote nimezipata kwenye kitabu cha Kiarabu. Lakini hii, babu, hii inanuka Uajemi kuliko zote! Hadithi ndani ya hadithi, bustani ya milango minne, mfalme anaitwa Padisha. Nimeitafuta maktaba zote nilizoweza kufika, na nisikofika nimeandika barua. Haipo. Naamini Mwalimu alikuwa na nakala ya kale asiyoijua mtu mwingine. Mwezi ujao nitasimama mbele ya maprofesa niseme hivyo. Je, uliwahi kuiona hiyo nakala?"

Kibano alitia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena. "Ni siku nyingi, mwanangu. Kichwa kimezeeka."

Mtafiti alishukuru kwa adabu, akaacha namba ya simu, akaondoka. Kibano alibaki na chai asiyoweza kuinywa kwa utamu. Aliwaza: mimi niliweka uongo wangu kwenye karatasi, na sasa mtoto wa watu ataubeba kichwani mbele ya wakubwa zake.

Asubuhi alikwenda kwa dada yake. Huyo alimzidi miaka sita, mjane kama yeye, mwenye ulimi usiokubali kulala. Kibano alimwambia yote bila kupumzika, akangoja kulaumiwa kwa udanganyifu.

"Yaani uliipiga chapa hadithi ya Mama," dada alisema polepole, "ukakaa nayo miaka yote hii, na mimi hukuniambia?"

"Dada, jambo lenyewe lilikuwa la aibu..."

"Aibu ni hiyo ya kuninyima. Kilete hicho kitabu. Soma."

Alikwenda kuileta nakala yake, akasoma. Dada alisikiliza mikono ikiwa mapajani, na kila baada ya mistari michache alitikisa kichwa. Mlinzi wa pili hakuwa na ndevu. Mtunza bustani alivaa viatu vya mbao, mbona viatu havimo? Lakini milango ilipotajwa hakusema kitu.

"Minne ni sawa?" Kibano aliuliza.

"Sawa. Kwani ilikuwa mingapi?"

"Mimi nilikumbuka saba. Mwalimu ndiye aliyesahihisha."

"Wewe ulikuwa unasinzia na kuamka. Ungejuaje?" Kisha machozi yakamtoka. "Hebu rudia pale ndege anapotua begani."

Siku hiyohiyo wakampigia Mtafiti. Kesho yake akaja, akidhani nakala ya kale imepatikana. Kibano alisimama kumwambia, kama mshtakiwa: mvua, daftari, pasi ya mama, kurasa kumi na sita. Mtafiti alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, akafunga daftari lake, akalitia mkobani.

"Miaka miwili, babu," alisema. "Miaka miwili nimetafuta kitu ambacho hakipo. Na juzi nilikuuliza, ukaniambia kichwa kimezeeka."

"Nilikosa, mwanangu. Juzi nilikosa zaidi kuliko wakati ule."

 Dada akaingilia kati. "Lakini Mama hakuitunga," alisema. "Nani kawaambia aliitunga? Kuna bibi mmoja ambaye Mama alikuwa akimfulia nguo, babu yake alitoka ng'ambo akiuza mazulia. Bibi huyo hakuwa na mtu wa kuongea naye. Alikuwa anakaa uani kwake kwenye stuli, Mama anapiga pasi, yeye anasimulia. Mimi nilikuwa nabebwa mgongoni, baadaye nikawa nakunja leso. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hata huyo Padisha ni yeye aliyemleta."

Mtafiti aligeuka taratibu. "Yeye alisema Padisha?"

"Ndilo jina la mfalme."

"Si jina, bibi. Padisha ni mfalme, kwa Kiajemi. Ninyi mmekuwa mkisema Mfalme Mfalme."

Dada alitazama mdogo wake, mdogo naye akamtazama, kisha dada akaangua kicheko kilichomfanya ashike mbavu. "Na Mama alivyokuwa akilitamka kwa heshima! Mfalme Mfalme! Hata huyo kipofu mwenyewe angecheka!"

Mtafiti naye akacheka, ingawa hakutaka. Alitoa tena daftari mkobani. Baadaye, walipokwisha kunywa chai, alimwambia Kibano kwamba makusanyo mengi makubwa yamekua hivyohivyo: mnukuzi amekuta pengo akaliziba kwa aliyoyasikia barazani, mfasiri ameongeza ya msimulizi aliyekutana naye. "Ungeishi miaka mia tatu iliyopita, babu, usingemwomba mtu radhi," alisema. "Lakini mimi naishi sasa. Na mimi naomba uniombe."

Kibano akamwomba radhi, sawasawa, kwa maneno kamili.

Mambo hayakuwa mepesi kwa Mtafiti. Mbele ya maprofesa hakwenda mwezi ule. Alilazimika kuandika upya sura nzima, na msimamizi wake alimchelewesha miezi sita. Lakini alichoandika mara ya pili kilikuwa kizito zaidi, maana sasa alikuwa na yule bibi wa mazulia, meza ya pasi, na dobi asiyejua kusoma aliyeitunza milango minne bila kuona ramani. Kitabu kilipochapishwa tena, hadithi iliyopotea kwenye mvua ilirudishwa, imefasiriwa na Mtafiti mwenyewe kutoka kile kitabu cha Kiarabu, na ile ya Padisha ikasogezwa mwisho, na chini yake pakawekwa jina la msimulizi. Mama yao hakuwahi kuona jina lake limeandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho, na hata hapo lilikosewa. Kibano alilisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akasema tu kwamba nafasi kati ya mistari ni finyu mno, kompyuta hizi hazina huruma na macho ya watu.

Mtafiti aliendelea kuja siku za Jumamosi na kinasa sauti chake. Dada alisimulia, Kibano alipinga, wakagombana juu ya viatu na ndevu, Mtafiti akanasa vyote. Zilipatikana hadithi ishirini na mbili kabla dada hajaanza kuugua kifua, na alikufa mwaka ule ule, mchana, akiwa amejiegemeza kwenye mto.

Kibano anazo zote kwenye simu aliyonunuliwa na wanawe. Huzisikiliza alasiri, mlango ukiwa wazi. Katika moja yao, katikati kabisa ya hadithi, dada anakatiza, anauliza nani kaacha maji yakitiririka jikoni, na nyayo zake zinasikika zikienda, bomba linafungwa, kisha nyayo zinarudi. Mtafiti aliwahi kumwambia anaweza kuikata sehemu hiyo. Kibano alikataa.